Hata Ukiitwa Sufuria

Timazi alikuwa mwashi kwa kazi na mrushaji kwa heshima. Siku za kazi alipanga matofali. Siku za mechi alivaa jezi namba mbili ya timu ya taifa ya raga. Asiyeijua raga aelezwe hapa hapa, tusije tukapotezana njiani. Mpira ukitoka nje, timu mbili hupanga mistari miwili inayotazamana, na mrushaji huutupa juu, katikati yao. Usipoenda mnyoofu, refa anapuliza filimbi. Warukaji hunyanyuliwa na wenzao waudake hewani. Timu hii iliuita mpangilio huo foleni, na kabla ya kurusha, Timazi aliita neno moja la siri ili mrukaji anayehusika ajiandae. Mipira yake ilinyooka hata wakampa jina la ile kamba yenye chuma ambayo waashi hupimia ukuta.

Sasa walikuwa ugenini, mechi tatu na wenyeji, Jumamosi tatu mfululizo, na mbili walikwisha fungwa. Kufungwa si aibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aibu ilikuwa foleni. Katika mechi ya kwanza, mipira saba ya Timazi ilidakwa na wenyeji kana kwamba wameagiziwa wao. Maneno ya siri yalikuwa Shangazi kwa mrukaji wa mbele, Mjomba kwa wa kati na Babu kwa wa nyuma. Aliyatunga kaka yake enzi hizo wakirushiana mpira uani kwao: shangazi yao alipenda kukaa mlangoni, mjomba katikati karibu na chakula, na babu alisinzia nyuma kabisa.

Kocha akaona siri imevuja, akabadilisha. Mbele ikawa Sufuria, kati Mwiko, nyuma Kinu. Majitu ya kilo mia na kumi yakashinda Jumatano nzima yanakariri vyombo vya jikoni kama bi harusi anayehesabu zawadi. Jumamosi ilipofika, wenyeji wakaiba mipira tisa.

Jumatatu Kocha akawaita kwenye ukumbi wa kulia wa hoteli, kabla meza hazijafutwa.

"Maneno mapya tumeyafanyia mazoezi Jumatano," alisema. "Nani mwingine alikuwepo?"

Wote walijua. Alikuwepo kaka yake Timazi, kasimama nje ya uzio na mfuko wa machungwa aliowaletea. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika nchi hiyo, akifanya kazi ya ufundi wa lifti, na miongoni mwa lifti alizozihudumia ni zile za uwanjani. Meneja wa timu alikuwa amemwona kwa macho yake, mlangoni mwa lifti, akicheka na kocha wa wenyeji.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kocha alisema. "Simtaji mtu. Naitaja nguo."

Wengine walipotoka, alimbakisha Timazi. Alimwambia kwamba Jumamosi angeanzia benchi, na kwamba kaka yake asionekane tena hotelini. Timazi alikuwa na miaka thelathini na minne, na kila mtu alijua kuwa ziara hii ndiyo ya mwisho kwake. Kumaliza safari kwenye benchi kulimuuma, lakini si hilo lililomnyima usingizi. Alikuwa amefungua mdomo aseme, "Kaka yangu hawezi," na maneno hayakutoka. Hayakutoka kwa sababu na yeye alikwisha kulifikiria jambo hilo kabla ya Kocha.

Simu yake ikaanza kuita mchana huo huo. Alilitazama jina la kaka yake likiwaka mpaka likazimika. Angemwambia nini? Hadi Jumatano jioni simu zilikuwa zimefika kumi na moja, na ujumbe mmoja mfupi: Pokea simu. Kaka hakuwa mtu wa kuandika. Vidole vya grisi na kioo cha simu havijawahi kupatana. Jumanne alikuja mwenyewe. Timazi alikuwa dirishani, ghorofa ya pili, akamwona meneja akimzuia mlangoni na kumwonyesha njia kwa mkono. Kaka yake hakubishana wala hakuinua macho. Aliondoka kwa hatua zake zile zile za taratibu, na Timazi akarudi kitandani akalala chali na viatu vyake.

Alhamisi asubuhi akapiga mama yao. Huyo huwezi kumwangalia akiwaka mpaka azimike.

"Kaka yako anasema hupokei simu," mama alisema bila hata kuuliza hali. "Umekuwa mkubwa kiasi gani, wa kuitwa usiitike?"

"Mama, mambo ya timu tu."

"Sijazaa timu mimi. Niliwalea wote wawili: mtoto akiitwa, anaitika. Heshima si utumwa, mwanangu. Nenda."

Akaenda.

Kaka yake alikuwa akifanya kazi kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili, na kwa kuwa lifti ndiyo iliyokuwa mgonjwa, Timazi alipanda kwa miguu. Juu ya paa palikuwa na chumba kidogo cha mitambo chenye mota kubwa, kamba za chuma zilizopita kwenye tundu la sakafu, na harufu ya mafuta. Miguu ya kaka yake ilionekana. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyuma ya mota.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unasemaje? Shika hiyo tochi."

Hiyo ndiyo salamu yake miaka yote, ana kwa ana au kwa simu: unasemaje. Kwao mdogo humwitikia mkubwa naam, na mkubwa humwuliza mdogo anasemaje. Timazi alishika tochi. Kaka akakaza nati mbili bila haraka, akajivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha akamimina chai ya chupa kwenye kifuniko na kumpa.

"Kabla hujasema ulichokuja kusema," alisema, "funga macho usikilize."

Akatoa simu mfukoni. Ilikuwa mechi ya pili, foleni ya kwanza, vipaza sauti vya uwanjani vikinasa kila kitu. Timazi akaisikia sauti yake mwenyewe ikiita: "Sufuria!" Kisha, chini chini, kwa adabu zote, sauti nzito ya mrukaji wa mbele: "Naam."

Timazi akafungua macho.

"Tulia. Nyingine."

"Mwiko!" Na yule wa kati, jitu la kimo cha mlango na ushee: "Naam."

"Kinu!" "Naam."

"Na mechi ya kwanza ndivyo hivyo hivyo," kaka alisema. "Yule wenu wa mbele, mcheshi, akiitwa Shangazi anaitika abee. Wenyeji hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Hawana haja ya kujua. Wanasubiri tu nani atafungua mdomo, wanaruka naye. Mmelelewa vizuri mno nyinyi. Mtu mzima anaitwa sufuria, naye anaitika!"

Timazi alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha akazikumbuka zile simu.

"Ndiyo maana ulikuwa unapiga."

"Mara kumi na moja. Nikaja na hotelini."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani." Alikiweka kifuniko cha chai sakafuni. Angeweza kuishia hapo, akashukuru, akashuka. "Kaka, walisema umewauzia wenyeji maneno. Meneja alikuona ukicheka na kocha wao."

"Yule alinasa kwenye lifti dakika arobaini, nikamtoa. Kila akiniona anacheka kwa aibu. Na wewe ulisemaje?"

"Sikusema kitu."

"Ukafikiri?"

"Nilikufikiria vibaya, kaka. Nisamehe."

Kaka yake aliokota kitambaa, akajifuta tena mikono. Aliposema, hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Walionifukuza mlangoni hawanijui, siwalaumu. Wewe unanijua."

Timazi alimwambia kwamba angemwachia tiketi ya Jumamosi langoni. Kaka akajibu kuwa Jumamosi ana zamu, akajilaza tena nyuma ya mota. Timazi akashuka zile ngazi mia mbili na kitu, akigundua kuwa kushuka nako kunachosha.

Kocha alisikilizishwa rekodi ya mechi. Aliirudia mara tatu, akaketi, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akasema, "Kaka yako nimemkosea." Akamrudishia Timazi nafasi yake, na kumwagiza meneja aende akaombe radhi kwa mdomo wake. Ijumaa nzima wakafundishana utovu wa adabu. Ilikuwa kazi kuliko vyombo vya jikoni. Waliambiwa wang'ate kinga za meno wakiitwa, na bado naam zilipenya. Mwishowe nahodha akasema kama hawawezi kuacha kuitika, basi aitike asiyeitwa. Hapo wakaelewana.

Jumamosi wenyeji waliruka pasipo na mpira alasiri nzima. Akiitwa Babu, anaitika wa mbele. Akiitwa Shangazi, anaitika wa nyuma. Kwa ombi la Timazi, yalikuwa yamerudishwa maneno ya kwao nyumbani. Kila mpira ulipotoka, kabla ya kuushika, aliangalia kiti kimoja safu ya tatu nyuma ya benchi lao. Kilikuwa kitupu mechi ilipoanza. Kilikuwa kitupu wakati wa mapumziko, na mtu wa jirani alikwisha kuweka koti lake juu yake.

Dakika tatu kabla ya kwisha walikuwa nyuma kwa pointi nne, na foleni ikaangukia hatua tano kutoka mstari wa wenyeji. Timazi akafuta mikono kwenye jezi. Akaita, "Babu!" Yule mcheshi wa mbele akaitika kwa sauti ya kumsikizisha hadi muuza soda: "Abee!" Wenyeji watatu wakamrukia. Mpira ukapita juu ya vichwa vyao, mnyoofu kama ukuta mpya, ukadakwa nyuma kabisa pasipo na mtu. Wote wakajazana nyuma ya mdakaji, wakasukuma, wakavuka mstari naye, wakamwangukia. Ikawa traai, pointi tano; mkwaju wa nyongeza ukaenda pembeni, wakalinda hadi filimbi ya mwisho, ushindi wa pointi moja. Wenyeji walibaki na kombe la mechi mbili kwa moja, lakini ungewaona wageni, ungedhani wamechukua matatu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo waliimba huku wakigonga makabati. Timazi aliketi pembeni na viatu vyake vyenye matope, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nahodha alimwita akapige picha. Akamwonyesha kidole, asubiri. Alikuwa tayari kufika kumi na moja, na zaidi ikibidi. Ya tatu, kimya. Ya nne na ya tano, kimya.

Ya sita ikapokewa. Nyuma yake palisikika mota ikipunguza mwendo, kisha ikasimama. Kaka yake hakuuliza anasemaje. Alikuwa akipumua tu, kama mtu anayesubiri kuona mwenziwe ataanzia wapi. Na Timazi, aliyekuwa na maneno mengi ya kumwambia, akajikuta amebakiwa na moja.

"Kaka," aliita.

"Naam," kaka yake akaitika.