Koki ya Samaki

Siku Delmar Aasen alipoiaga dunia, jambo la kwanza alilofanya mkewe ni kumgombeza. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, saa tano asubuhi, na Ardis alikuwa ndani ya trela lao, kijumba cha magurudumu kando ya Ziwa la Kasa, akikatakata vitunguu. Delmar alikuwa amezunguka nyuma kuosha samaki. Pampu ya maji chini ya kitanda ilianza kunguruma, kama ilivyonguruma kila mara koki ilipofunguliwa. Safari hii haikunyamaza.

"Delmar! Funga maji, tangi litakauka!"

Pampu ikaendelea.

"Wewe mwanaume, umekuwa kiziwi?"

Alitoka na kisu mkononi, maneno yamemjaa kinywani. Akamkuta amelala kiubavu kwenye majani, samaki wawili wameoshwa, wa tatu bado, na maji yanamwagikia kiatu chake. Ardis alifunga koki kwanza. Mpaka leo hajui kwa nini alianza na koki.

Walimzika mjini kwao, Willmar, na trela likabaki ziwani, kwenye kiwanja chake namba kumi na nne katika kambi ya mapumziko. Mwezi wa tisa ukapita. Mwezi wa kumi ukaingia na umande wa asubuhi ukaanza kuganda kwenye vioo vya magari, na Ardis akajua kwamba siku za kufunga maji zimefika. Maji yakiachwa ndani ya mabomba huganda, yakiganda hutanuka, na bomba la plastiki halina ubavu wa kushindana nayo. Mwenye trela huja kujua mwezi wa tano, anapofungua maji na kuiona sakafu imefurika.

Kazi hiyo waliifanya wawili, mwaka hadi mwaka, miaka thelathini na moja. Kwanza maji yote yanamwagwa, tangi la maji moto nalo linafunguliwa kizibo. Kisha Ardis analala kifudifudi, anajiingiza chini ya kitanda na kugeuza koki tatu ndogo, ili ile dawa ya pinki isiyoganda, inayojazwa mabombani badala ya maji, ilipite kando tangi la maji moto, isiingie humo. Delmar alikuwa na kitambi. Hakuwahi kufika huko chini hata siku moja. Yeye alisimama nje na pampu ya mkono, mpira mmoja umetumbukizwa kwenye dumu la dawa, akisukuma. Ardis alibaki ndani akifungua koki moja baada ya nyingine. Maji meupe yanatoka, koki inakohoa hewa, kisha rangi inaanza.

"Pinki!" alipiga kelele, akafunga, akaenda nyingine. Jikoni, ya baridi na ya moto. Bafuni. Bomba la mvua. Choo. Mwisho kabisa anatoka nje na kuzunguka nyuma kwenye koki ya samaki, ambayo Delmar aliiweka mwenyewe ndani ya kisanduku chenye mfuniko, chini kabisa, karibu na bampa. Kila mwaka walitumia madumu mawili, na tone la mwisho waliligawa kwenye mashimo ya masinki.

Jioni yake, kwenye moto wa kambi, Delmar alinyoosha miguu na kusema, "Dakika arobaini tu, nimelilaza." Wanaume wakampigia makofi. Ardis alikuwa anapitisha kahawa.

Ijumaa ya katikati ya mwezi wa kumi alipakia garini madumu matatu ya dawa, spana kubwa, na sinia la keki za maboga za kuwagawia majirani, akaendesha kwa muda wa saa mbili kwenda ziwani. Redio ilisema usiku huo hata madimbwi yatakuwa mawe. Njia nzima alikuwa akizitaja koki kwa mpangilio wake, kwa sauti.

Mlangoni alikuta karatasi imebandikwa kwa gundi. *Ardis, kazi imekwisha. Usijisumbue. Orrin na Wendell.*

Aliisoma mara mbili. Watu wa kule hawamuulizi mfiwa kama anataka msaada. Wanamvizia akiwa hayupo, wanafyeka majani yake, wanakusanya kuni zake, wanaondoka kabla hajashukuru. Naye aliyesaidiwa anaoka kitu, anapeleka sinia, anasema asante sana, hamkupaswa. Tangu mazishi Ardis alikuwa ameoka masinia kumi na moja. Alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe akahisi uso unamchoma, kana kwamba mtu amemvua kitu mwilini akiwa usingizini.

"Shemeji!" Orrin, mdogo wake Delmar, alikuwa anakuja akipangusa mikono kwenye suruali. Nyuma yake alikuwa Wendell wa kiwanja cha jirani, amevaa kofia ya masikio. "Umekuja kufanya nini na baridi hii?"

"Kufunga maji."

"Yameshafungwa! Hukusoma karatasi?"

"Nimesoma."

"Ila hili trela lenu, mama," Wendell akadakia, "linakunywa kama ng'ombe wa maziwa. Madumu manane! La kwangu linashiba kwa mawili."

Ardis akamgeukia taratibu. "Mangapi?"

"Manane. Mpaka mkono ulikufa ganzi."

"Na zile koki tatu chini ya kitanda mlizigeuza?"

Wanaume wakatazamana.

"Koki zipi?" Orrin akauliza.

"Basi mmelinywesha tangi la maji moto. Madumu sita yako humo."

"Si kitu, ilimradi pinki imetoka kila mahali. Tulia, shemeji." Orrin alimpigapiga begani, kama mtu anavyomtuliza farasi. "Isitoshe kesho nalivuta, nalipeleka kwangu likae bandani. Baridi ikiisha tutampata mtu wa kulichukua. Nimeshaongea na Solveig."

"Umeongea na binti yangu."

"Amesema baba mdogo ndiye anayejua."

"Anayejua nini?"

"Ardis, jamani. Peke yako, na mabomba yote haya? Utayaweza wapi?"

Neno alilofundishwa tangu utoto lilikuwa asante. Alifumbua kinywa alitoe, kama alivyolitoa mara kumi na moja, na halikutoka.

"Njooni nyuma," akasema.

"Nyuma hakuna kitu. Nimezunguka mwenyewe."

"Njoo, Orrin."

Alipiga magoti pale pale kwenye majani ambako hakuwa amekanyaga tangu mwezi wa nane. Akafunua kile kisanduku, akafungua koki mpaka mwisho. Presha ilikuwa imebaki ndani. Maji yaliruka, meupe kama ya kisimani, yakatua kwenye buti za shemeji yake.

"Haya. Hiyo ni pinki?"

Orrin alikung'uta buti moja.

"Nakuuliza wewe unayejua. Hiyo ni rangi gani?"

"Maji," Orrin akasema.

"Maji. Usiku wa leo yangeganda, bomba lingepasuka ukutani, na wewe kesho ungelivuta bovu. Halafu ungempigia Solveig umwambie: si nilisema, mama yako hawezi!"

"Mimi nilisema manane ni mengi," Wendell akanong'ona.

"Nyamaza, Wendell," wakasema wote wawili.

Orrin alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Delmar hakuniambia kama kuna koki hapa."

"Delmar hakukuambia mengi. Unadhani ni nani aliyekuwa anatambaa chini ya kile kitanda? Delmar, na kitambi kile?"

Wendell aliguna, akajiziba mdomo kwa glovu.

"Mlimpigia makofi pale motoni na mimi nawamiminia kahawa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Na yeye hakusema!" Sauti ilimpanda, akaiacha ipande, watu wa kiwanja cha kumi na sita walichungulia dirishani. "Mara thelathini na moja, hakusema hata mara moja. Angekuwa hapa ningemwambia na yeye, tena mbele yenu. Lakini ameondoka zake, ameniachia watu wa kunipigapiga begani."

Koki ya samaki ilidondosha tone, ikaacha.

"Alikuwa kaka yangu," Orrin akasema akitazama buti zake. "Sikujua mikono yangu niifanyie nini."

"Ungenipigia simu ukauliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Kama nakuhitaji."

Akainuka na kupangusa magoti. Akaenda garini, akapita sinia la keki bila kuligusa, akarudi na spana. Alifungua kizibo cha tangi la maji moto, madumu sita ya dawa yakamwagika chini na kutengeneza dimbwi la pinki ambalo mbwa wa Wendell alilinusa na kulikimbia. Aliingia ndani, akalala kifudifudi, akageuza koki tatu. Alibaki pale sakafuni kidogo, karibu na pampu iliyokuwa kimya, kisha akatoka na kuweka dumu miguuni pa Orrin.

"Sukuma. Ukisikia nimesema pinki, endelea. Usisimame mpaka nikuambie. Na trela haliendi popote."

Orrin alishika mpini wa pampu.

"Jikoni, ya baridi!" Ardis akaita kutoka ndani. "Pinki!"

"Nini?"

"Pinki, bwana! Sukuma!"

Walimaliza bado kuna mwanga. Ya mwisho aliifungua mwenyewe, amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, na akangoja. Maji meupe, hewa, kisha rangi. Hakupiga kelele. Aliiacha itiririke zaidi ya ilivyohitajika, akafunga.

Jumapili alimpigia Solveig, na mazungumzo hayo yalikuwa marefu na hayakuwa matamu.

Trela liko kiwanja namba kumi na nne. Maji ya kambi hufunguliwa wiki ya pili ya mwezi wa tano. Spana na ufunguo viko kwa Ardis, kwenye droo ya jikoni.