Mtandao Uko Getini

Mtandao ulishika getini tu. Chumbani simu ilikoroma na kumeza maneno, kwa hiyo kila mara dereva wa lori alipompigia mkewe, ilibidi mke avuke ua na kusimama kando ya geti. Mke alikuwa fundi cherehani na alishonea hapohapo chumbani. Mume alikuwa safarini na lori tangu wahamie, na wapangaji wengine fundi aliwajua kwa salamu: habari, nzuri, basi. Siku nyingine sauti yake mwenyewe aliisikia akimkataza mtoto tu.

Mtoto walimwita Meneja, maana alikagua kila kitu. Tangu aache kushika ukuta akitembea, hakuna droo aliyoipita bila kuifungua.

Wiki iliyopita simu ililia Meneja akiwa usingizini. Fundi akaiacha pasi mezani, ingali ya moto, akakimbilia getini. Akaongea, akacheka, akajisahau. Aliporudi, pasi ilikuwa chini, mkeka unafuka moshi, na Meneja kasimama pembeni na kitambaa cha meza mkononi. Ngozi yake haikuguswa. Mama akaumwagia mkeka maji, na hakuwa na wa kumwambia.

Baada ya hapo alipiga magoti akatambaa chumba kizima, aone anachokiona Meneja. Kitambaa cha meza akakiondoa. Pasi ikapata makao juu ya kabati, pamoja na waya wake. Mkasi ukapanda msumarini, ndoo ya maji ikafunikwa na kukandamizwa jiwe. Kazi nzuri, ila kabati halina macho.

Leo alasiri Meneja alikuwa amelala, mama yake ananyoosha sare za wateja. Simu ikalia.

"Mama Meneja." Sauti ya dereva ilikuja vipandevipande. "Sikupati. Toka nje."

"Ngoja kidogo."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Sasa unangoja nini? Toka, naingia porini sasa hivi."

Neno hilohilo, amelala, ndilo lililomponza wiki iliyopita. Akachomoa pasi, akaipandisha kabatini, akasimama mlangoni. Kitanda nyuma yake, geti mbele. Kumbeba hakukufaa, mara ya mwisho alipoongea na simu akiwa amembeba, Meneja aliinyakua simu akaitupa mtaroni.

Kwenye kibaraza cha chumba cha pili, msusi alikuwa akichambua nywele bandia. Siku walipohamia alisema, "Huyu mtoto amemeza spika." Fundi akayachukulia ni malalamiko, akamnunia mpaka leo.

"Dada, samahani. Naomba unishikie mtoto, nafika getini."

"Si amelala?"

"Amelala, lakini akiamka ni mwepesi kuliko wewe. Ukae ndani, si hapo. Na hizo nywele uziache."

Msusi akamtazama. "Muda wote huu huniongeleshi, leo umekuja na masharti."

"Sema umempokea."

"Nimempokea. Nenda, mwenzio atakata."

Fundi akavuka ua mbiombio. "Haloo? Nimefika. Haloo." Kimya. Akapiga yeye, mashine ikamjibu kwamba nambari hiyo haipatikani. Akabaki ameshika geti. Alikuwa na jino jipya la Meneja la kumsimulia, na habari ya mkeka, ambayo alikuwa amepanga kuisema leo. Akayameza yote mawili, akarudi.

Msusi alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mikono mitupu. Meneja alikuwa macho, anamchomoa kitana kichwani.

"Mmeongea?"

"Imekatika."

Msusi hakumpa pole. "Huyu aliamka ulipotoka tu. Moja kwa moja mezani, akapapasa, hamna kitu. Akaniangalia kama mwizi ni mimi."

Macho yake yalikuwa kwenye mkeka, penye alama nyeusi ya pasi. Fundi aliona anaitazama, wala hakuiziba kwa mguu.

"Siku ile ya spika sikulalamika," msusi akasema. "Chumbani kwangu hakuna hata wa kupiga kelele. Ukitaka kutoka, nigongee."

Fundi akakaa chini, simu mapajani, huenda ikalia. Akamvuta Meneja kwake.

"Nimempokea," akasema.

"Haya," msusi akajibu, lakini hakuinuka.