Saba Yanatosha

Ukiingia Kenyatta Market upande wa masaluni, hutembei, unashikwa. "Siz, nikusuke?" "Kuja hapa mrembo, kiti iko!" Hata wanaume hushikwa, waulizwe wamemwacha bibi wapi. Lakini Jumamosi hiyo nilipita katikati ya akina mama wote wale na hakuna aliyenigusa. Msichana mwenye nywele fupi kama zangu kupita pale ni sawa na kibogoyo kupita kwa nyama choma, upande ule mwingine wa soko. Watu wanakuonea huruma, halafu wanamwita anayekufuata.

Nilinyolewa Desemba, nyumbani Siaya, baada ya kumzika Mama. Ndiyo desturi ya kwetu. Pasta alisema si lazima. Nyanya akamwambia pasta anyoe wa kwao, hawa ni wake. Wembe ukapita. Sikulia. Nilimwambia binamu yangu Shem kwamba angalau nitaokoa mafuta ya nywele. Alicheka, kisha akanitazama kama mtu aliyecheka kanisani.

Tangu siku hiyo nilikuwa kama shavu lililodungwa ganzi kwa daktari wa meno. Lipo, linatafuna, lakini si lako.

Mama alisuka katika soko hilo tangu sijazaliwa, yeye na Auntie Nzisa. Pale kichwa kimoja husukwa na watu wawili, pengine watatu, kila mmoja na upande wake. Mama alikuwa wa kulia, Nzisa wa kushoto. Kazi yenyewe ni kuvuta sawa. Mmoja akizidisha, mteja anaenda nyumbani ameinamisha shingo kama kuku mgonjwa, na harudi. Wale wawili walivuta sawa hata wakiwa wamenuniana.

Nzisa ndiye aliyenipigia simu. "Leta hicho kichwa. Zimefika za kushikika."

Sasa, mambo ya shule. Niko kidato cha nne na Mwalimu Kivuva, mwalimu wetu wa darasa, alikuwa anafunga usajili wa mtihani Jumatatu. Alhamisi aliniita ofisini.

"Awuor, hali yako tunaielewa," alianza.

Kila mtu alikuwa ananielewa siku hizo. Inachosha kama kubebewa mkoba ukiwa na mikono.

"Wewe unafanya masomo nane. Yanayohesabiwa ni saba. Fizikia umepata D mara mbili. Iache, huo muda upeleke kwa Hesabu. Saba yanatosha."

Hakuwa anadanganya. Pia hakusema kwamba D zetu zinashusha wastani wa somo, na mwalimu mkuu hulala na huo wastani chini ya mto. Tuliitwa wanne. Watatu walitoka wakilia. Mimi niliuliza kama naweza kuacha na Hesabu. Hakucheka, kwa hivyo nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Hakuna jibu fupi kuliko hilo.

Jioni nilimwambia Baba. Ni keateka, mtunzaji wa ghorofa moja huko Kilimani, tunaishi chumba cha chini karibu na mashine ya maji. Alikuwa anatengeneza bomba. "Amua wewe, nyara," akasema, akiniita binti yake kwa Kijaluo, bila kugeuka. Mama akiwa hai, katika nyumba ile hukuachiwa uamue hata chaneli ya TV.

Nieleze Fizikia ilitoka wapi. Mwaka jana Mama alipoanza kuumwa na mgongo, tulienda hospitali kupigwa picha ya eksirei. Dada wa mashine alitoka na ile picha, akaiweka kwa taa, akatuonyesha mifupa ya Mama moja moja, polepole, kama anatutambulisha kwa wakwe. Mama alisahau mgongo. "Wewe ulisoma nini?" Dada akasema bila Fizikia huwezi kuingia hiyo kozi. Basi. Kuanzia hapo kila mteja aliyekaa kwa Mama alisikia: "Huyu wangu atakuwa wa picha." Nilipoleta D ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "D ni ya kuanzia," alisema. Ya pili hakuiona.

Jumamosi hiyo Nzisa alikuwa amenitengea kiti. Kulia alisimama Veronicah, dada mgeni aliyepewa nafasi ya Mama.

"Sasa mrembo," akasema.

"Mrembo ameenda choo," nikamwambia. "Mimi ni wa kumshikia kiti."

Nywele fupi zikisukwa matuta lazima zivutwe kutoka mizizi. Watu wazima hulia. Mimi nilijulikana kwa hilo, kelele zangu zamani zilifika mtaa wa Golf Course, na Mama aliniambia nitamfukuzia wateja. Siku hiyo walivuta tuta la kwanza, la pili. Nilikuwa natazama mtu wa upande wa nyama choma akitoa nyama kwa moto.

"Awuor, umelala?" Nzisa akauliza.

"Niko."

"Haikuumi?"

"Zii."

Nzisa na Veronicah wakaangaliana juu ya kichwa changu. Nilijua kwa sababu vidole vilisimama.

"Na shule?" Nzisa akaendelea. "Ile Fizikia?"

"Naitoa. Nimebaki na saba."

"Hata ni poa," Veronicah akasema. "Mimi nilifanya nane na niko hapa nakusuka. Yule wa pale alifanya saba. Tuko wote."

"Wee nyamaza kidogo," Nzisa akamwambia. "Awuor, nani amesema utoe?"

"Mwalimu. Amesema saba yanatosha."

"Yanamtosha nani?"

"Sijui, Auntie. Yoyote tu."

"Yoyote ni somo gani? Linafundishwa saa ngapi?" Sauti ilianza kupanda. "Mamako amesimama hapo kulia akiringa na wewe mpaka wateja wakachoka. Hiyo picha nimeisikia mpaka naweza kupiga mwenyewe! Halafu unaulizwa na mtu mmoja, unasema sawa? Kama umeulizwa chai na sukari? Mjinga wewe! Mjinga kabisa!"

Tangu Desemba hakuna mtu aliyekuwa ameniita mjinga. Nzisa alikuwa anagomba na kusuka kwa mkono mmoja, na ule mkono ukajisahau, ukavuta.

"Uwi! Auntie!"

Saluni tatu zikageuka kututazama. Veronicah aliinua mikono juu kama ameshikwa na polisi. "Ni mimi?"

"Ni upande gani?" Nzisa akauliza.

"Wako." Macho yalikuwa yamejaa maji. Nywele tu, nadhani. "Auntie, inauma."

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini sasa. "Haya basi."

Sikuomba ruhusa. Nilitoa simu nikiwa na kichwa nusu matuta, nusu msitu.

"Mwalimu, ni Awuor. Ile Fizikia usiitoe."

"Awuor, si tulikubaliana? Una D."

"Ndiyo, Mwalimu. Nakaa nayo."

"Hesabu ikianguka nayo je?"

"Itaanguka na mimi. Lakini usiitoe."

"Nani amekushauri?"

Nilimtazama Nzisa, kitana mdomoni. "Hakuna mtu. Kichwa ndicho kinaniuma."

"Utakuwa maabara kila lunch," akasema mwishowe. "Ukikosa hata siku moja, usinililie."

"Anasema nini?" Nzisa akauliza nilipokata.

"Kila lunch niko maabara."

"Utakonda. Kaa vizuri."

Veronicah alirudisha vidole upande wa kulia, kwa woga, kama anapima maji ya kuoga mtoto. "Nivute aje?" akamuuliza Nzisa.

"Kama mimi."

Akavuta. Iliuma pande zote mbili, sawasawa. Halafu nikasikia ile ganzi ikirudi, kutoka utosini ikishuka, na nikapiga uwi nyingine haraka, kabla haijafika mdomoni.