Maua Sita ya Zinaida

Dietmar, Mjerumani ambaye babu yake alifia vitani hapa Rzhev, Urusi, aliniomba nimpeleke kwa jirani yangu Zinaida, ambaye baba yake aliuawa katika vita hivyohivyo. Kwao Ujerumani walimwambia Warusi hawasamehe, hatafunguliwa mlango. Nilitafsiri mimi, Kijerumani nilikisoma shule ya usiku.

Zinaida alifungua, akayahesabu maua aliyoletewa.

“Sita! Kwetu maua ya mawili mawili ni ya wafu, we kijana. Umeshanizika?”

Nilipotafsiri, Dietmar alisawijika, akageuka aondoke.

“Anakwenda wapi huyu? Mwambie angoje nijitande kitambaa.”

Makaburini Zinaida aliweka manne kwa baba yake. Mawili akamrudishia Dietmar.

“Ya babu yako. Naye alikuwa na mama.”

Dietmar alivua kofia. “Walioniambia hamsamehe, hawajawahi kufika huku,” alisema.

Hilo sikulitafsiri. Zinaida alikuwa analia.