Mbwa Aliyeingia Kinyumenyume

Jumanne saa nne asubuhi Mzee Wakhungu alikuwa kwenye kochi la Nyaruai huko Tuwan, Kitale, akijaza fomu ya kuchukua mbwa. Nyaruai huokota mbwa walioachwa, akawalea kwake mpaka wapate wa kuwachukua. Siku hiyo alikuwa nao kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amelalia kiatu cha mgeni. Palipoulizwa nani atamlisha mbwa ukisafiri, Wakhungu aliandika kwamba amesafiri vya kutosha. Palipoulizwa wanaishi watu wangapi nyumbani, aliandika wawili, akafuta, akaandika mmoja. Nekesa, mkewe, alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, lakini mkono ulikuwa haujazoea.

"Huyu Bosco nilimtoa Endebess," Nyaruai alisema, akionyesha mbwa wa rangi ya udongo aliyekaa mlangoni. "Tingatinga zilibomoa nyumba za watu. Watu wakaenda, yeye akabaki amelala pale mlango ulikuwa. Wiki tatu, mzee! Nyumba hakuna, mlango hakuna, na yeye analinda."

"Huyo ni askari," Wakhungu alisema. Yeye mwenyewe alilinda stoo ya mahindi miaka ishirini na sita, kwa hivyo anajua. "Na wenyewe wakimtaka?"

"Wakipatikana mtasikizana. Mimi nitakuja baada ya mwezi kuangalia kama umemjengea kibanda. Kama hujajenga, namrudisha. Sina mchezo."

"Nitajenga, mama."

Nyumbani kwake, nje kidogo ya Bungoma mjini, Wakhungu alifanya vile mamake alivyomfundisha: mbwa mgeni huingizwa getini kinyumenyume, mkia mbele, asije akajua njia ya kurudi. Bosco hakukataa. Aliingia taratibu huku macho yake yakiwa barabarani, upande wa Mlima Elgon, ilipo Endebess, mpaka geti likafungwa.

Hapo ndipo Wakhungu alipokosea. Mamake hakuwahi kufuga mbwa aliyetoka mahali palipobomolewa, kwa hivyo hakujua kwamba mbwa wa namna hiyo akiingia kinyumenyume, kile anachokitazama humfuata.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na mafiga matatu kando ya migomba, bado yana joto. Wakhungu alichemshia chai hapo, akashukuru kwa kuni alizookoa. Kesho yake ikafika kamba ya nguo ikiwa na soksi mbili zilizokauka. Halafu mwimo wa mlango wenye alama za kisu, za kupimia mtoto anavyokua, mpaka urefu wa darasa la tano. Wiki ya pili ilipokwisha, nyumba nzima ya udongo na mabati ilikuwa imesimama katikati ya migomba, mlango umefungwa kwa kufuli. Bosco alihamia kizingitini, akanyoosha miguu yote minne na kulala kama aliyetoka zamu.

Wakhungu, ambaye tangu mazishi alikuwa akila amesimama, alianza kubeba kigoda na sahani yake na kwenda kula huko. Chakula kilikuwa kilekile, sukuma na ugali. Lakini sasa kilishuka.

Wanyonyi, mzee wa mtaa, alikuja na daftari.

"Wakhungu, ati umejenga bila kuniambia?"

"Sijajenga. Imekuja."

"Imekuja na kibali?"

"Imekuja na mbwa."

Wanyonyi akaandika hivyo hivyo, akauliza kama kuna chai.

Mwezi ulipotimia Nyaruai alifika kama alivyoahidi. Aliizunguka nyumba mara moja, akaugonga ukuta kwa ngumi. "Mzee, mimi nilisema kibanda. Hii umezidisha, bana." Kisha akaupiga picha ule mwimo wenye alama, akawatumia watu anaowajua Endebess. Chai haijapoa, simu ikalia. Mwenye nyumba amepatikana. Anaitwa Chemutai, amepanga chumba Kitale na anauza mboga. Anakuja Jumamosi.

Siku ya Ijumaa Wakhungu alimchana Bosco manyoya, akampa yai, kama unavyomfanyia mtu wa safari. Alitafuta maneno ya kumwambia. Hakuyapata, akampa yai la pili.

Chemutai alikuja na ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi. Bosco alimwona, akalia, akamrukia na kumlamba mikono yote miwili, halafu akarudi kukaa kizingitini. Alikuwa kazini. Chemutai akafungua kufuli. Mezani kulikuwa na ugali wa asubuhi ile ya tingatinga, bado unatoa mvuke.

"Nilikuwa nimeuepua tu," alisema.

Waliula wote wawili, na Bosco akapewa ukoko. Chemutai alinawa mikono, akamtazama mwenyeji wake.

"Sasa baba, nyumba ni yangu. Shamba ni lako. Na mbwa?"

Wakhungu alikuwa amelimeza swali hilo siku tatu na halikuwa limeshuka. "Mbwa ni wa mlango," alisema. "Na mlango uko hapa."

Chemutai aliutazama mlango. "Haya. Basi na mimi niko hapa."

Jumatatu alichukua picha za nyumba akaenda kwenye ofisi moja inayosikiliza waliobomolewa nyumba, kudai ekari yake ya huko Endebess. Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Alizikagua picha moja moja, akampa kiti. Baada ya wiki mbili barua ikaja. Ilisema kwamba kwa kuwa nyumba imeonekana Bungoma ikiwa nzima, haikubomolewa Endebess, na kwa hivyo mlalamishi hajapoteza kitu. Faili imefungwa. Wakati huo mahindi ya mtu mwingine yalikuwa yamefika magotini kule, pale jiko lake lilipokuwa. Chemutai alikunja barua mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ikatulia. Kwa hilo akashukuru.

Tangu hapo, kila jioni akitoka sokoni, Chemutai hugeuka akifika getini, akaingia kinyumenyume, macho yake upande wa Elgon. Wakhungu hakumuuliza sababu. Aling'oa migomba yote ya upande wa ua, akasawazisha mahali, ekari ipate pa kukaa ikifika.

Haijafika.

"Ardhi ni nzito," Wakhungu husema, "na imeshikwa na watu wengi." Kisha humngojea pale getini, akamshika kiwiko asijikwae kwenye jiwe, na Bosco huinuka kizingitini kuwapisha.