Mkalia Mashine

Tangu mwanangu aingize ile mashine ya kufulia nyumbani, makalio yangu hayajapata raha. Mwanzo yalikosa raha kwa kukaa bure, baadaye yakakosa raha kwa kazi.

Miaka tisa nimekaa kwa mwanangu huyu, na miaka yote tisa nguo za nyumba nimefua mimi. Beseni mbili, sabuni ya mche, na kigoda changu uani. Mwanangu ni seremala, nguo zake zinakuja na vumbi la mbao na gundi iliyoganda. Mke wake, mkamwana wangu, ni muuguzi, na sare zake nyeupe zinakuja na kila kitu ambacho binadamu anaweza kumtapikia mwenzake. Sikulalamika hata siku moja. Anayefua nguo za watu ndiye anayewajua. Mfuko hauna adabu ya kutunza siri. Nilijua mwanangu kashindwa kuacha sigara wakati mkewe bado anawasimulia mashoga zake jinsi alivyomwachisha.

Basi jioni moja akaja kukaa karibu yangu, na upole mwingi kama mtu anayetaka kukung'oa jino.

"Mama, umechoka sasa. Tumenunua mashine. Mwisho wa mwezi nitakupeleka kwa dada ukapumzike."

Kupumzika! Nimeishi vya kutosha kujua neno hilo. Ng'ombe akipumzishwa, kesho yake mnamkuta buchani. Binti yangu nampenda, lakini nyumba yake ina makochi yamevikwa nailoni, ina dada wa kazi anayekunyang'anya hata kijiko usikioshe, na televisheni inayosema peke yake kutwa nzima. Nilikaa huko wiki mbili. Nilikodolea vigae vya sebuleni mpaka nikaanza kuvisalimia. Kunipeleka huko moja kwa moja ni kunizika bila kunisumbua kwa kufa.

Nilishika kigoda changu nikakitazama, naye akadhani nimekubali.

Mashine ikaja. Mimi nikaipa jina papo hapo: Mke-mwenza. Mume wangu kafariki miaka ishirini iliyopita, leo ndiyo naletewa mke-mwenza! Wachukuzi wakaiweka kwenye kijichumba kilicho kati ya jiko na bafu, wakaenda zao. Mwanangu akazunguka nyuma yake, akainama.

"Tazama watu hawa. Bolti nne, zote zimelegea."

Huyu mtoto akiona bolti haulizi ni ya nini. Anakaza. Katika nyumba hii hakuna kiti kinacholia wala mlango unaocheza. Akaleta spana, akazikaza zile bolti mpaka shingo ikamtoka mishipa. Kijitabu cha maelezo akakitupa kwenye droo ya vijiko.

"Husomi?" mkewe akamuuliza.

"Kitu kina swichi, nisome nini?"

Siku ya kwanza tuliitazama mimi na mkamwana, tumekaa kwenye stuli kama watu waliokwenda kuangalia sinema. Ikanywa maji. Ikageuza nguo huku na huku, taratibu, kama mtu anayetafuta cha kusema. Nikaona kweli, kazi yangu imekwisha. Viganja vilikuwa vinaniwasha, nikavikalia.

Halafu ikaanza kukamua.

Ilitetemeka, ikaguna, ikaruka, kisha ikaanza kutembea! Ilikuja mbele hatua kwa hatua, inauvuta waya wake kama mbuzi aliyeona majani ya jirani. Mkamwana akapiga kelele. Mimi sikufikiri. Nilikanyaga stuli, nikapanda, nikaikalia. Ikanung'unika chini yangu, ikapunguza mwendo, ikasimama mlangoni na mimi juu.

Mwanangu akaja mbio. "Mama! Shuka utaumia!"

"Nikishuka inakwenda sokoni."

Kuanzia siku hiyo nikawa na cheo. Mara tatu kwa wiki nilikagua mifuko, nikatenga nyeupe na za rangi, nikatia sabuni, na ikifika kukamua, napanda. Mwanzoni sabuni nilitia kwa kipimo cha beseni, povu likatoka likafika jikoni kabla yangu. Nikajifunza. Nikajifunza kufuta ule mpira wa mlangoni maana ndimo uchafu unamojificha, na kuuacha mlango wazi ukimaliza, la sivyo inanuka kama soksi za askari.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mwanangu akataja safari.

"Na mashine aikalie nani?" mkamwana akamwuliza. "Mimi na wembamba huu? Itanirusha dirishani."

Safari ikasogezwa. Nilicheka peke yangu bafuni, maji nimeyafungua wasinisikie.

Lakini furaha ya mtu asiyejiweza haikai. Kwa kule kutembea kwake, mashine iliuvuta mpira wa maji ukaanza kuvuja, akaitwa fundi bomba. Alikuja asubuhi, wenye nyumba wako kazini. Akapenya nyuma, akakohoa, akatoa kichwa.

"Bibi, nani kakaza hizi bolti?"

"Mwenye nyumba."

"Hizi ni za safari tu. Zinashika pipa la ndani lisigongegonge likiwa kwenye gari. Mkishafika mnazitoa. Ndiyo maana inatembea! Mkiendelea hivi mtaiua. Miezi miwili haifiki." Akachukua spana.

"Acha."

"Eti?"

"Nimekwambia acha. Mwenyewe anapenda ziwemo."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekunywa chai kwa uma. "Haya. Mimi nimeitiwa maji."

Akaenda, akaniachia mzigo wake kifuani. Sikutulia tena. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilisimamia nini. Mashine ikikamua nasikia chuma kinalia chini yangu, kila mlio unanijia kwenye uti wa mgongo: muuaji, muuaji. Nilipiga hesabu kila namna. Bolti zikitoka, mashine itatulia, na mimi nitapelekwa kwa vigae. Bolti zikibaki, mashine itakufa, italetwa nyingine, safari hii watu wa dukani wanaojua watakuja kuifunga wenyewe, na mimi nitapelekwa kwa vigae. Kote kote kulikuwa na televisheni ile.

Wiki iliyofuata ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Mkamwana alikuwa amebakiwa na sare moja safi. Msichana yule anasimama kutwa nzima miguu imemvimba, anarudi bado ananiuliza, "Mama umekula?" Nikajiona mchawi.

Walipotoka, nikafungua sanduku la mwanangu, nikachukua spana, nikajipenyeza nyuma ya Mke-mwenza. Nyie! Nimezaa mtoto ana mikono! Bolti hazikusogea. Nikazipaka mafuta ya kupikia, nikasubiri, nikaikanyaga spana kwa mguu na kumtaja baba yake. Moja ikalegea. Nilitumia asubuhi nzima. Zikatoka zote nne, ndefu kama kidole, kila moja imevaa plastiki yake. Nikazifunga kwenye pindo la kanga yangu, na kila nikibadili kanga nazihamisha. Kuzitupa niliogopa, kuziacha mezani ndiyo kabisa.

Siku iliyofuata mashine ikakamua imetulia kama kuku anayeatamia. Na mimi juu yake. Mkamwana akapita na bakuli.

Ningefanyaje? Nikatikisika mwenyewe. Nikaanza na magoti, nikapandisha mabegani, nikamalizia na kichwa.

"Leo inasumbua, Mama?"

"We-e a-acha tu-u."

Hivyo ndivyo nilivyoishi wiki mbili. Nikawa fundi wa kutikisika. Nilijua ianze polepole, ipande, itulie kidogo, ipande tena. Usiku mbavu zilinichoma. Lakini safari haikutajwa.

Alasiri moja niko juu, natikisika, mawazo yangu yako kwenye vigae. Nikafungua macho. Mkamwana amesimama mlangoni na kikombe.

"Mama."

"Na-a-am."

"Umeme umekatika."

Nikasikiliza. Kweli, nyumba nzima kimya. Chini yangu hakuna hata mdundo.

"L-lini?"

"Kabla sijabandika chai. Hii hapa imeshaiva, kwa jiko la gesi."

Sikusimama ghafla, hapana, ningejiumbua. Nilisimama kama mashine inavyosimama, kidogo kidogo. "Mazoea, mwanangu," nikasema. "Hata dereva wa lori akishuka bado anatikisika."

Hakucheka. Alinipa kikombe, akatazama nyuma ya mashine, akaondoka. Jioni nilipofungua droo ya vijiko, kile kijitabu hakikuwemo.

Hapo sasa ndipo nilipokosa hata pa kuweka macho. Siku tatu. Akinipita, namsoma uso. Akifungua mdomo, najibu kabla hajauliza. Za mwizi arobaini, na mimi nilikuwa nahesabu za kwangu kwa vidole.

Jumamosi wote walikuwa nyumbani. Nakunywa chai, mwanangu akaingia na simu mkononi.

"Mama, dada kasema chumba chako kiko tayari. Nimemwambia tunakuja Jumatatu. Hiyo mashine nitaifunga kwa mnyororo ukutani, isikutese tena."

Kikombe kikanitoka, chai yote mapajani. Nikaenda kubadilisha kanga huku mikono inatetemeka, safari hii kweli. Nikarudi kwenye kufua maana nisipofanya kitu nitalia. Nilikagua mifuko yote: msumari, penseli ya seremala, pakiti ya sigara niliyoirudisha kabatini kimya kimya. Nikajaza mashine, kanga yenye chai nikaitupia juu, nikafunga mlango, nikawasha.

Haukupita muda.

Ngo! Ngo! Ngo-ngo-ngo!

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walikuwa na mashine gani, sijui, lakini walisema. Mimi, mkaguzi wa mifuko ya dunia nzima, nimesahau pindo langu mwenyewe.

Mwanangu akafika na spana. Mkamwana akafika nyuma yake, akabonyeza kitufe cha kuzima. Lakini mlango wa mashine hii una kiburi, ukiizima katikati haufunguki mpaka dakika mbili zipite. Tukasimama watatu, tunautazama.

"Ni mbovu," mwanangu akasema. "Nilijua. Inarudi dukani Jumatatu hiyo hiyo. Mama aende, sisi tutafute nyingine."

Nilikuwa nimeishika stuli kama mtu anayezama.

Mlango ukalia ta! Mkamwana akawahi kuliko mimi. Akaingiza mkono, akatoa kanga yangu imelowa, akaibonyeza pindoni. Nikaona vidole vyake vikihesabu kwa nje: moja, mbili, tatu, nne. Akaniangalia. Ni macho ya muuguzi yale, yameshaona watu wanaosema hawajala kumbe mdomo una makombo.

"Nini hiyo?" mwanangu akauliza.

"Mkasi wangu wa kazini," akasema, na kanga akaibana kwapani. "Nimeusahau kwenye sare, ukanaswa kwenye kanga."

"Sasa Mama si huwa anakagua mifuko?"

"Alikagua. Sare nimeitupia mwenyewe baadaye. Unaona siku moja tu nikiingiza mkono wangu yanayotokea? Na wewe unataka aondoke. Utafua wewe?"

Mwanangu akakuna kichwa na spana. "Lakini inamtesa. Inatembea."

"Mnyororo utatoboa ukuta. Panda, Mama."

Nikapanda. Akaiweka kwenye kukamua. Mashine ikazunguka, laini, kimya, haina habari na mtu. Mwanangu akainamisha sikio.

"Mbona leo imetulia?"

Mkamwana, kwa nyuma ya bega la mumewe, akaniinulia nyusi. Nikaelewa. Nikaanza na magoti. Nikapandisha mabegani, visigino vinagonga bati.

"U-u-naona?" nikamwambia. "I-inaanza."

Akanitazama pale juu, meno yangu yaliyobaki yanagongana. Akatikisa kichwa. "Kweli bila Mama ingekuwa imeshafika barabarani." Akaenda sebuleni kumpigia dada yake kwamba Jumatatu haiwezekani.

Mkamwana akafungua lile pindo, akazifuta bolti moja moja kwa gauni lake.

"Kijitabu kinasema usizitupe," akasema taratibu. "Mashine ikihama nyumba, zinarudishwa."

"Nizitunze mimi?"

"Wewe tena, uliyezifua na kanga?" Akazitia mfukoni mwake. "Ningezikuta ziko mle ndani, Mama, mashine imekufa, nisingekutetea."

"Nilizitoa."

"Najua. Spana ulirudisha ina mafuta ya kupikia." Akasogea karibu, akanirekebishia ukingo wa kanga mpya nisiukalie. "Sasa na wewe nisaidie. Huyu bwana ameacha sigara, au ameniacha niamini tu?"

Nikamtazama. Yule niliyemzaa yuko sebuleni anazungumza na simu. Huyu ambaye sikumzaa yuko hapa na bolti zangu mfukoni.

"Suruali ya kijivu," nikamwambia. "Nimeitundika kabatini. Mfuko wa nyuma. Zimebaki sita."

Akacheka akajiziba mdomo, halafu akanigonga goti kwa kidole.

"Usiache kutikisika, Mama. Bado anasikia."