Sahani Isiyokauka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya kilima, Rosina alikuwa ameshapanga vyombo vya kambi kando ya kichanja: sahani za bati kumi na moja, vijiko kumi na kimoja, vikombe tisa, maana viwili vilichukuliwa na upepo, na sufuria tatu. Ya chai, ya mboga, na ile kubwa ya ugali ambayo Zenon, mpishi, alikuwa ameiunguza tena. Ulikuwa mwezi wa sita, na Ufipa mwezi huo maji ya kunawa yanauma. Kambi ilikuwa ya wapima ardhi, kwenye mteremko juu ya Mwazye: mahema manne, mafiga matatu, umeme hakuna, bomba hakuna. Maji yalikuwa madumu mawili kwa siku, ya kunywa, ya kupikia, na ya kunawa uso kwa wale walioona umuhimu wake.

Kwa yaliyobaki kwenye madumu hayo Rosina aliosha vyombo mpaka vikamuumiza mtu macho. Inafaa kueleza alivyofanya, kwa sababu wapo watu wenye bomba ndani ya nyumba na sufuria zao hazitazamiki.

Chombo chenye mafuta hakikuanza na maji. Alikifuta kwa gunzi la hindi, gunzi likaenda motoni, na mafuta yaliyotaka kumsumbua yakachemsha chai. Ukoko hakuukwangua kwa kisu kama Zenon, aliyekwisha kutoboa sufuria mbili maishani mwake na zote akazisingizia kutu. Alimimina maji nusu kikombe, akafunika, akairudisha sufuria kwenye makaa yanayozimika, na mvuke ukaubandua ukoko mzima kama chapati. Vibarua wa kambi waliugombania. Sufuria kwa nje aliipaka tope kabla ya kuibandika, ili masizi yashike tope badala ya kushika sufuria. Baada ya chakula tope lilibanduka na masizi yake kama shati linalovuliwa. Kisha mabeseni matatu: la majivu, la kusuuza, na la maji ya moto. Maji ya beseni la tatu ya leo yalikuwa ya beseni la kwanza kesho, na yakishachoka kabisa aliyamwagia maboga.

Kwenye chemchemi hakuosha kitu. Wanawake wa upande ule hawaingizi chombo cheusi kwenye chemchemi. Unachota kwa kata safi, unaondoka. Anayekosea anaosha vyombo vya nyumba zote zinazochota pale, siku nzima, na wenzake wanakaa kwenye nyasi wanamkagua. Rosina alikosea mara moja, akiwa na miaka saba, na mtu wa kwanza kuleta sufuria yake iliyoungua alikuwa mama yake mzazi, Luciana. Huko ndiko alikosomea.

Kilichobaki ni unga wa kusugulia, na huo ndio ulioleta mambo. Juu ya kilima kile yalikuwapo matanuri mawili ya zamani ya kuyeyushia chuma, yale ambayo Wafipa wanayaita malungu, marefu kuliko mtu. Moja limesimama mpaka leo, chini ya chemchemi, karibu na kijiji. La pili lilikuwa juu zaidi, kupita chemchemi, na mvua zililiangusha zamani likabaki kama kichuguu. Rosina alichukua udongo wa hilo lililoanguka, akautwanga, akauchekecha kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Udongo uliopikwa na mababu kwa moto wa chuma hausumbuliwi na mafuta ya dagaa.

Wapima walikuwa wamekuja kuweka mpaka kati ya kijiji na eneo aliloomba mwekezaji mmoja alime. Mzee Wilibrodi, mwenyekiti wa kijiji, aliwaambia kwamba mpaka unapita kwenye tanuri. Hakusema lipi, kwa kuwa hakuna mtu Mwazye ambaye hajui kwamba ni lile la juu, lililoanguka. Evans, kiongozi wa wapima, kijana mwenye adabu na mwoga wa baridi, alipanda kilima, akakuta tanuri limesimama, akafunga jiwe la mpaka hapo kwa saruji, akarudi kwenye chai. Hivyo chemchemi ikaangukia upande wa mwekezaji, na pamoja nayo shamba la ulezi la Rosina alilorithi kwa mama yake. Hakuna aliyejua. Ramani ilikuwa ya tarakimu, na tarakimu hazipigi kelele.

Jumatano ya wiki ya tatu sahani ya Evans ilikataa kutakata. Ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ukipita katikati. Rosina alisugua kwa majivu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa udongo wa tanuri. Mstari ukazidi kuonekana. Zenon alikuwa ameingojea siku hiyo tangu kambi ianze. Akaja na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Dada Rosina, leo umepatikana. Doa hilo hata mimi ningelitoa."

"Wewe ungelitoa pamoja na sahani, Zenon."

Aliendelea kusugua. Kufika saa nne mistari ilikuwa mingi, na pembeni yake palikuwa na nyasi, na nyasi zilikuwa zikiinama kwa upepo. Halafu ikatokea chemchemi, ndogo kama punje ya haragwe, na wanawake wadogo kama chawa wakichota. Mmoja wao alikuwa Luciana, mama yake, aliyekuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Rosina alimwamkia. Luciana hakugeuka. Alikuwa na haraka, na hata katika uhai wake alikuwa hivyohivyo. Rosina akaiweka sahani kichanjani, akachukua nyingine.

Ilipofika mchana sahani zote kumi na moja zilikuwa juani, na zilipopangwa ukingo kwa ukingo ziliungana: kijiji, kanisa, njia ya ng'ombe, matanuri mawili yote yakiwa yamesimama, na mpaka wa kijiji ukipita kwenye tanuri la juu, mweusi, bila kusita. Kumi zilikauka kama kawaida. Ya Evans ilibaki na unyevu, akaifuta, ikalowana tena.

Kambi ilizoea. Mtu alipewa ugali wake, akala, na kadiri alivyokomba mchuzi ndivyo alivyokaribia kuona nyumba ya nani imo kwenye sahani yake. Elia, mbeba mawe ya mipaka, alilalamika kwamba yake ina vichaka tu. Zenon alipata kipande chenye makaburi, akaomba abadilishiwe, akanyimwa.

Siku mbili Evans alikula akiichungulia sahani yake. Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, alileta kifaa chake cha kupimia kichanjani, akapima sahani, akapanda kilima, akapima kilima, akashuka. Alikaa juu ya dumu lililopinduliwa. Alimweleza Rosina kwamba sahani ziko sawa. Zimetofautiana na ardhi kwa nusu mita, na hiyo nusu mita ni kosa la kifaa chake. Halafu akamweleza habari ya tanuri alilolikuta kwanza, na ya chemchemi, na ya shamba la ulezi. Alieleza taratibu, hakuficha, na mwisho akasema ramani alishaituma mjini wiki iliyopita.

"Mama, nisamehe."

"Ulikuwa na baridi, mwanangu," Rosina akamjibu. Kisha akamuuliza mjini ni ofisi gani.

Mzee Wilibrodi aliitwa. Alivua kofia mbele ya kichanja, akaifuata njia ya ng'ombe kwa kidole mpaka tanuri la juu, akasema hapo ndipo alipoonyeshwa na baba yake, na kwamba kweli yeye alisema tanuri tu. Alilisema hilo mara tatu. Hakuna aliyemlaumu, na labda ndiyo sababu alilirudia. Evans alipiga picha kwa simu ili aitume. Kwenye picha sahani zilitoka kumi na moja, na kwenye kila sahani jua moja. Zilikuwa safi mno, hazikutoa kingine.

Basi zikaenda mjini sahani zenyewe. Jumatatu Rosina alizifunga kwenye kitenge, sahani ya Evans akaiweka chini kabisa ili isilowanishe wenzake, wakapanda lori la mahindi, yeye na Mzee Wilibrodi, na barua ya Evans ya kukiri kosa kwa mwandiko mzuri. Walishuka Sumbawanga wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Sahani hazikuwa na vumbi.

Ofisini walipokelewa na afisa aliyeitwa Bi. Coleta, mama wa makamo, mpole, mwenye miwani shingoni. Aliunganisha meza mbili, akapanga sahani mwenyewe, akavaa miwani. Alitazama muda mrefu. Kwenye sahani moja aliona mtu akifukuza mbuzi kwenye maharage, akasubiri mpaka mbuzi atoke. Alilinganisha na barua, akalinganisha na ramani ya zamani iliyokuwa kabatini, yenye doa la kahawa juu yake.

"Ramani hii ni sahihi," akasema.

"Basi?" Rosina akauliza.

"Na ile ya mwekezaji nayo ni sahihi, mama. Ile ina muhuri."

Mzee Wilibrodi aliuliza kama hizi nazo haziwezi kupigwa muhuri. Bi. Coleta hakuona kizuizi. Alifungua kidau cha wino, akagonga muhuri kwenye sahani ya kwanza. Wino uliteleza, ukajikusanya ukingoni, ukadondoka mezani. Akajaribu ya pili, ikawa vilevile. Kwa miaka yote aliyokaa ofisini hakuwa amekutana na kitu ambacho muhuri haukushika, na alisema hivyo kwa heshima. Aliwaza, akasema labda pangekuwa na mafuta kidogo wino ungeshika. Mzee Wilibrodi akatoka, akarudi na sambusa mbili, wakazila kwenye sahani ya Evans, ile ya chemchemi, wakapangusia vidole juu yake vizuri. Muhuri ukashika mara moja, wa duara, unasomeka. Lakini chini yake hapakuwa na chemchemi, wala mpaka, wala wanawake. Palikuwa na mafuta ya sambusa yenye muhuri.

Rosina aliitazama sahani ile, tarehe ya muhuri imekaa mahali pa mama yake. Angeweza kuiacha hivyo. Aliomba maji kidogo. Bi. Coleta alimwonyesha bomba, na Rosina alitumia robo kikombe, na majivu aliyokuja nayo kwenye fundo la kitenge. Chemchemi ilirudi. Luciana alikuwa bado na haraka.

Maafisa wa vyumba vingine walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja aliuliza anatumia sabuni gani. Rosina alimwambia majivu. Hakuamini. Akauliza tena, hiyo sabuni inauzwa duka gani. Na hapo Rosina aliliona birika la ofisi kwenye kona, jeusi kuanzia mkono mpaka mdomo, likiwa juu ya jiko la mkaa, limeinamia upande kama mgonjwa. Alijizuia kadiri alivyoweza. Mzee Wilibrodi alipotoka kwenda kuulizia lori la kurudi, alimkuta amechuchumaa nyuma ya ofisi, mikono imefika viwikoni kwenye majivu. Birika lilitoka likiwa fedha tupu. Bi. Coleta alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Alisema atayaandika yote kwenye faili, na aliyaandika. Faili lipo.

Kambi ilivunjwa mwezi wa nane. Evans alimwachia Rosina vyombo vyote, akamwamkia mara mbili wakati wa kuaga, akasahau shuka lake kichanjani. Zenon aliomba afundishwe habari ya ukoko kabla gari halijaondoka, akafundishwa, na huko aliko inasemekana hajatoboa sufuria tena.

Uzio ulipita kwenye jiwe la Evans. Mwezi wa kumi, kwenye chemchemi, mwekezaji aliweka kibao kizuri cha bati chenye maandishi mekundu: Marufuku kuosha vyombo hapa. Rosina alikisoma akiwa nje ya uzio. Alikubaliana nacho. Mama yake angekubaliana nacho. Chini ya kibao mlinzi alikuwa amechuchumaa, anasugua sufuria yake nyeusi ndani ya maji.

Sasa maji yanafuatwa kwenye kijito cha ng'ambo, mwendo wa saa moja kwenda, na kurudi zaidi, kwa sababu ya kupanda. Wanaondoka wanawake kumi na mmoja, dumu moja kichwani kwa kila mmoja. Wakirudi wanapumzikia kwa Rosina, wanakula viporo vya maharage, wanataniana kuhusu nani alimwaga njiani. Uji wa ulezi haupo tena. Wakimaliza, kila mmoja anatua kijiko chake, na hakuna anayethubutu kugusa dumu lililotoka mbali hivyo kwa ajili ya vijiko. Rosina anakwenda kichanjani. Sahani ya Evans haijakauka mpaka leo. Kuanzia machweo mpaka asubuhi inakusanya maji, meupe, ya baridi, yenye ladha ileile ya chemchemi, kikombe kimoja, hakipungui na hakizidi.

Kikombe kimoja si kitu. Rosina anasuuza nacho vijiko kumi na kimoja.